Tulimwombea Babu kabla ya kumsikiliza

Wazee wangu, shikamooni. Wengine nyote, habari za tangu asubuhi.

Walionialika walinipa mada ndefu kidogo: nafasi ya familia na imani katika kumuuguza mzee anayefanyiwa upasuaji mkubwa. Nilimsomea Babu mada hiyo, maana kisa ni chake. Mimi nilikuwa mbeba mkoba tu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Waambie mliniombea mpaka nikakosa pa kuingiza neno." Basi nitaanzia hapo. Ameniruhusu kusimulia yote, isipokuwa umri wake.

Kifua kilianza kumbana akipanda ngazi. Akisimama kidogo, kinaachia. Kwa miezi kadhaa alituambia ni gesi, na sisi tukaipokea hiyo gesi kwa mikono miwili, kwa sababu ilituondolea safari ya hospitali. Leo nikikumbuka naona haya. Kifua kinachobana mtu akijitutumua na kuachia akipumzika si cha kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mpelekeni mzee wenu akapimwe, hata akinuna.

Vipimo vilionyesha mishipa mitatu inayoulisha moyo damu imeziba vibaya. Daktari alichukua karatasi akachora mto, akachora jiwe katikati ya mto, kisha mfereji unaolizunguka jiwe na kurudi mtoni upande wa chini. "Mfereji wenyewe," akasema, "tutauchukua mguuni kwako, na mwingine kifuani." Babu aliutazama mguu wake kama mtu aliyeambiwa ana akiba mahali asipopajua. Akauliza, "Na mguu utabaki na nini?" Daktari akacheka, akamweleza kwamba mguu una mishipa mingine ya kurudisha damu, utavimba kwa muda, utazoea.

Tulirudi nyumbani tukaitisha kikao. Kila aliyewahi kuuguza mzee anakijua kikao hicho. Baba Mkubwa alisema mzee asielezwe hatari, aambiwe ni upasuaji mdogo. Binamu zangu wawili walitaka hospitali nyingine. Shangazi mkubwa, ambaye kwa maombi hana mpinzani katika ukoo wetu, alisema Mungu aliyeuumba moyo hashindwi kuzibua mishipa, tumpe muda. Shangazi mdogo hakusema kitu. Babu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na masikio yake siku hiyo yalikuwa mazima kuliko tulivyodhani.

Kuhusu kumficha mgonjwa sitakaa sana. Mzee mwenye akili timamu ndiye anayetia saini fomu ya ridhaa, naye ndiye anayepaswa kuelezwa atakatwa wapi, kuna hatari gani na asipokatwa itakuwaje. Ukimficha atajua tu. Ataisoma kwenye nyuso zenu, kisha atabaki peke yake na alichokisoma, maana ameshaona kwamba nyumbani jambo hilo halizungumzwi.

Hoja ya Shangazi mkubwa ndiyo inayohitaji heshima, na nasema hivyo nikiwa mtu wa imani. Aliyemjibu hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mzee mwenzake Babu, Mwislamu, rafiki yake tangu utoto, aliyekuja kumjulia hali. Alikumbusha kisa cha yule aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu, au amwache bila kamba atawakali. Akajibiwa: mfunge, kisha utawakali. Shangazi akasema hiyo ni ya kwenu. Babu, kutoka chumba cha pili, akasema, "Na Hezekia je?"

Wasomaji wa Biblia mnamjua mfalme Hezekia. Aliugua karibu kufa, akageukia ukutani, akaomba, akalia, akaongezewa miaka 15. Kinachosahaulika ni kilichofuata: Isaya aliagiza mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Ombi limeshajibiwa, na dawa bado inabandikwa. Babu alisema kwa sauti ya kuchoka, "Mimi nimeombewa. Sasa nataka tini zangu." Kikao kikaisha hapo, nami naamini ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Niseme kidogo kuhusu tini zenyewe, kwa sababu kumjua aliyeanza kazi hii kulimtuliza Babu kuliko asilimia zote za daktari. Mwaka 1953 daktari John Gibbon, nchini Marekani, alifanikiwa kumpasua mgonjwa moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1967, katika mji wa Cleveland, hukohuko Marekani, daktari René Favaloro alianza kupandikiza mshipa wa mguu ili damu ipite kando ya palipoziba, naye ndiye aliyeifanya njia hiyo ienee. Favaloro alikuwa Mwajentina. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini kwa takriban miaka 12. Na tasnifu yake ya udaktari aliitabaruku kwa bibi yake, aliyemfundisha kuona uzuri hata kwenye tawi kavu. Nilipomweleza Babu hilo alinyamaza, kisha akasema, "Basi huyo alilelewa." Tangu hapo hakuniuliza tena kama kazi hiyo inawezekana.

Sasa nifike kwenye kosa letu.

Usiku wa kuamkia kulazwa, nyumba ilijaa. Watu wa kanisani, majirani, ndugu wa mbali ambao huwa tunawaona msibani. Ziliimbwa nyimbo, yakaombwa maombi, na yalikuwa mazuri, siyakejeli. Lakini nilikuwa nimekaa mkabala na Babu, na mara tatu nilimwona akifungua kinywa. Mara ya kwanza alisema, "Unajua, mimi naogopa kidogo..." Akakatizwa: "Usikiri hivyo, Babu! Kiri uzima!" Mara ya pili alianza, "Ikitokea sikuamka..." Akakatizwa na watu watatu kwa pamoja. Mara ya tatu alifungua kinywa akakifunga mwenyewe, akasema amina.

Walipoondoka nilibaki kufunga milango. Akaniita. Nikadhani anataka maji. Akaniuliza, "Meno yangu watayaweka wapi?"

Babu ana meno ya bandia, ya juu na ya chini. Mtu akipewa dawa ya usingizi meno ya bandia hutolewa, yasije yakateleza kooni. Alikuwa ameambiwa hivyo, na kwa siku nne alikuwa anaishi na hofu moja: kwamba wajukuu watamwona amelala mdomo umeporomoka. Wajukuu hatujawahi kumwona bila meno. Hakuna aliyejua, kwa sababu wakati wote huo tulikuwa tunashindana na mauti, na yeye alikuwa anashindana na aibu. Nilimwahidi meno yatakaa kwenye mkoba wangu, na kwamba hataingia mjukuu chumbani kabla hajayavaa.

Baada ya meno, mengine yakafunguka. Aliniuliza, "Nikilala nisiamke, mashine ikawa inapumua badala yangu, nani atasema basi?" Nikataka kumwambia hayo hayatatokea. Nilikuwa na neno la kukiri uzima mdomoni kabisa. Nikalimeza, nikamuuliza yeye angetaka nani. Akasema Shangazi mdogo. "Baba yako mkubwa atanipenda mpaka mashine iungue. Yule mdogo hunibishia tangu akiwa na miaka mitano. Atasema ukweli." Asubuhi yake alilirudia hilo mbele ya Shangazi mwenyewe na mbele ya daktari, likaandikwa kwenye faili. Kisha akalala usingizi wa mchana aliokuwa ameukosa wiki nzima.

Matayarisho mengine nitayapita haraka, daktari wenu atawaeleza yenu. Dawa zote anazomeza mzee ziwekwe kwenye mfuko mmoja zipelekwe, pamoja na zile anazozificha. Babu alikuwa na chupa ya mitishamba chini ya kitanda, na ipo mitishamba inayofanya damu ichelewe kuganda. Daktari wa usingizi hakumgombeza. Alishukuru tu kuambiwa mapema. Sigara isimame. Mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu yaanze kabla, kwa kuwa baada ya upasuaji kifua kinauma na mgonjwa hupumua juujuu, makohozi yakaanza kutuama. Na mgonjwa akiambiwa asile, asile kweli. Tumbo likiwa na chakula, chakula hicho kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Nimeona ndugu akimpenyezea mgonjwa kikombe cha uji kwa huruma, na upasuaji ukaahirishwa.

Siku yenyewe Babu alikasirishwa na jambo moja. Kila aliyemkaribia alimuuliza jina lake na anakuja kufanyiwa nini. "Wana karatasi yangu mkononi na bado hawanijui!" Ni utaratibu, na ni mzuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, na jambo la kwanza kwenye orodha hiyo ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani, anapasuliwa wapi na anafanyiwa nini. Muuguzi alipomweleza, Babu alianza kujibu kwa kujivuna, majina yake yote matatu, na mwishoni anaongeza "mishipa mitatu".

Kisha mlango ukafungwa, tukabaki kwenye mabenchi.

Tulikuwa kumi na mmoja. Saa ya kwanza tuliomba. Ya pili tukaomba. Saa ya tano daktari alitoka, akavua kofia, akasema moyo umeanza kupiga wenyewe na mzee anapelekwa chumba cha mahututi. Shangazi mkubwa akapaza wimbo wa shukrani, sote tukadaka. Tuliimba kwa nguvu. Ubeti wa pili nikageuka, nikamwona mama mmoja kwenye benchi la mwisho, amekaa na begi la nguo za mgonjwa magotini, na daktari mwingine amechutama mbele yake amemshika mkono. Nilijua anaambiwa nini kwa jinsi alivyolikumbatia lile begi.

Yule mama tulikuwa naye tangu alfajiri. Alikuwa ameomba pia. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwa sauti ya chini, jina la mtu wake mmoja tu, tena na tena. Wimbo wetu ulikuwa unampita juu ya kichwa.

Tulinyamaza, tumechelewa. Shangazi mkubwa alikwenda akakaa kando yake, na hakusema lolote. Nampa heshima yake kwa hilo, kwa kuwa najua ana maneno. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, na mpaka hapo walikuwa marafiki wazuri. Walikosea walipoanza kueleza. Sina maelezo kwa nini mtu wetu alitoka na wa yule mama hakutoka. Ninayemkatalia ni yule atakayesema imani yake ilipungua. Nilikuwa pale. Haikupungua.

Chumba cha mahututi kinahitaji mtu aandaliwe kabla ya kuingia. Sisi tuliandaliwa na muuguzi mwenye subira: kuna mpira kooni unaomsaidia kupumua, kwa hiyo akiamka hawezi kusema, kuna mirija inayotoa maji kifuani, uso umevimba, mashine zinalia na nyingi hazilii kwa hatari. Anaweza kukusikia hata akiwa amefumba macho. Ingieni wawili wawili, nawani mikono, na msiongee juu yake kama vile hayupo. Nilitimiza ahadi yangu: wajukuu tulibaki nje. Watoto wake waliingia.

Mpira ulitolewa kesho yake. Siku ya tatu, usiku, Babu alipotea.

Aliniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Alisema yuko ndani ya meli na hawa wenye nguo za buluu wamemteka. Alianza kung'oa dripu. Mchana wake alikuwa ameongea vizuri kabisa. Shangazi mkubwa alimwekea mkono kichwani akaanza kukemea, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo Babu alivyopigana. Muuguzi wa zamu alikuja mbio. Sikutegemea alichouliza. "Miwani yake iko wapi? Kifaa cha masikio kiko wapi? Meno?"

Vyote vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimevitunza vizuri sana, visipotee.

Hebu fikirini: mzee haoni vizuri, hasikii vizuri, hawezi kutamka vizuri, yuko mbali na dirisha, mahali ambako taa haizimwi, ana maumivu, hajalala siku tatu. Watu wenye vinywa vilivyozibwa wanamshika. Ningekuwa mimi ningeota meli mbili. Muuguzi alitueleza kwamba kuchanganyikiwa ghafla hivi huwapata wazee wengi baada ya upasuaji mkubwa, huja na kupungua, huzidi usiku, na mara nyingi hupita baada ya siku kadhaa, ingawa kwa wengine hukawia. Si wazimu. Na si pepo, hilo nalisema wazi kwa sababu nimekuta familia zikimfunga mzee na kumkemea, kumbe alikuwa na maambukizi kwenye mkojo. Hapo ndipo ubaya ulipo: kuchanganyikiwa kunaweza kuwa dalili ya maambukizi, ya kukaukiwa maji, ya dawa isiyomfaa. Mkimaliza kukemea bila kumwita muuguzi mmepoteza saa muhimu.

Tulimvalisha miwani, tukamrudishia masikio na meno. Akaletwa karibu na dirisha mchana, taa zikapunguzwa usiku. Tukagawana zamu, mtu mmoja mmoja, sura anazozijua. Kila aliyeingia alimwambia yeye ni nani, leo ni siku gani, na kwamba upasuaji umekwisha. Shangazi mkubwa aliuliza, kwa unyonge ambao sijawahi kuusikia kwake, "Na mimi nifanye nini sasa?" Muuguzi akamuuliza kama kuna kitu mzee anakijua kwa moyo tangu utoto. Shangazi akakaa kwenye kiti, akainama kwenye sikio lenye kifaa, akaanza Zaburi ya 23, polepole, sauti ya mazungumzo. Akafika katikati ya mstari akasita, nadhani ni kilio. Babu akaumalizia mstari. Akaumalizia na uliofuata. Kisha akamwambia, "Unasoma vibaya, rudia."

Usiku ule ile meli haikurudi. Ilirudi usiku wa pili, kwa muda mfupi, ikaondoka.

Nyumbani tulifikiri kazi imekwisha. Mfupa wa kidari hukatwa katikati ukashonwa kwa nyaya za chuma, nao unahitaji wiki nane hivi, wakati mwingine kumi na mbili, kuunga. Katika muda huo mzee asivutwe kwa mikono wala kuinuliwa kwa makwapa. Binamu yangu mwenye mapenzi na misuli alikuwa hatari kuliko ugonjwa. Babu alikuwa na mto mdogo aliokuwa akiukumbatia kila akikohoa, akauita mke wa pili, na Bibi akamwonya. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au kidari kikilia kama kitu kimelegea, ni hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu alinyamaza. Chakula hataki, redio hataki. Baada ya upasuaji wa moyo wapo wanaoingiwa na huzuni nzito, nasi tulikuwa tumeonywa, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili. Tulikusanyika kwa sala ya jioni, akasema, "Ombeni nyinyi. Mimi leo sina." Wiki chache nyuma angekatizwa na watu watatu. Jioni ile Shangazi mkubwa alisema, "Sawa, Baba, tutakuombea na yako," na hatukuligusa tena. Tulimwambia daktari. Tukamtembeza kila asubuhi, hatua chache, kesho hatua chache zaidi. Mzee mwenzake alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akakaa naye kimya saa nzima, akaondoka.

Ilikuwa wiki ya saba au ya nane, nilikuwa kwake, zamu yangu. Nilikuwa nimemsimulia habari ya yule mama wa kwenye benchi siku za nyuma, nikadhani ameshasahau. Wakati wa kulala aliniuliza yule mama alikuwa na nani siku ile. Nikasema alikuwa peke yake. Akainamisha kichwa akaomba, kwa sauti, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Moyo wake mwenyewe hakuutaja. Alimwombea mwanamke asiyewahi kumwona, na mtu wa yule mwanamke ambaye hata jina tulikuwa hatulijui tena, akaomba tusamehewe ule wimbo. Akasema amina. Kisha akaniomba nimsogezee kikombe cha meno.

Nikageuka, nikatazama ukutani. Akasema, "Geuka tu. Umeshakuwa mtu mzima."